Kuba Lililofungwa Kufuli

(Maneno haya niliyasema kwenye mkutano wa wazungumzaji wa Kiswahili wa Houston, Texas. Waliokosa kuja wameyaomba kwa maandishi. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni, ila nimeondoa mahali nilipokohoa na mahali watoto waliponicheka.)

Wazee wetu, akina mama, Mchungaji, Ustadhi, na vijana mliosimama nyuma kwa sababu viti vimewahiwa. Wanaostahili shikamoo, shikamooni. Wengine, hamjambo?

Mwenyekiti amenipa dakika ishirini. Mimi si mwanasiasa, na wala sina shahada ya majengo ya kale. Ni fundi wa viyoyozi. Wengi humu nimeingia majumbani mwenu mwezi wa saba, saa nane mchana, nikajipenyeza kwenye kile kichumba cha mashine, na mkawa mnazungumza na mgongo wangu. Leo angalau mnauona uso.

Nimeombwa nizungumzie Astrodome, lile kuba la zamani la michezo: libomolewe, au lipewe kazi nyingine? Mnalijua hata kama jina hamlijui. Ukipanda treni ya Red Line ukashuka Stadium Park, unaona uwanja mpya mkubwa, NRG, uliofunguliwa 2002. Ubavuni mwake, karibu kama mtu na kivuli chake, kuna kitu cha duara kama sufuria lililofunikwa mfuniko. Ndilo hilo. Umma haujaingia humo kwa shughuli za kawaida tangu 2009. Mwenye mali ni Kaunti ya Harris.

Najua kuna mtu hapa anajisemea: mimi nimepanga, kaunti na mali zake hazinihusu. Ndugu yangu, jimbo la Texas halikati kodi ya mshahara. Serikali za chini zinakula kwenye kodi ya majengo. Mwenye nyumba wako akiletewa bili ile, unadhani anaitoa mfukoni kwake? Anaitia kwenye kodi yako ya mwisho wa mwezi. Kiswahili chetu kimeviita vyote viwili kodi, na hapa Houston kimepatia kabisa. Kwa hiyo lile kuba unalilipia, hata kama hujawahi kuliona kwa ndani.

Mimi nimeliona. Tarehe 9 Aprili 2015 lilitimiza miaka 50, na kaunti ikafungua milango jioni ile, bure, watu waingie sakafuni. Nilikwenda na binti yangu. Tulipanga foleni ndefu iliyozunguka maegesho, na mbele yetu kulikuwa na mzee wa Kimarekani mwenye kofia ya Astros, timu ya baseball ya Houston, iliyopauka hadi huwezi kusema ilikuwa rangi gani. Tulipofika ndani, binti akatazama juu, akanyamaza. Ni mtoto anayesema hata usingizini, lakini pale alinyamaza. Juu ni mita 63 hivi, jengo la ghorofa 18 linasimama humo bila kugusa paa. Upana wake wa ndani ni karibu mita 196, na hakuna hata nguzo moja katikati. Yule mzee alivua kofia yake kama mtu aliyeingia msikitini au kanisani, akasimama tu.

Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa natazama mabomba ya hewa.

Maana hilo ndilo jambo ambalo wengi hawalijui: Astrodome kabla ya kuwa uwanja wa michezo ni kazi ya fundi wa viyoyozi. Houston mnaijua, jua na unyevu na mbu. Baseball inachezwa kiangazi. Miaka ya mwanzo timu yao ilicheza nje, na watu wakawa wanaanguka kwa joto. Ndipo Roy Hofheinz, aliyewahi kuwa meya na pia jaji wa kaunti, mtu wa maneno mengi na ndoto nyingi kuliko maneno, akasema: tuufunike uwanja mzima na tuupoze. Watu wakamcheka. Lilipofunguliwa 1965, Rais Lyndon Johnson alikuwepo, na Hofheinz akaliita Ajabu la Nane la Dunia. Mwenyewe alijijengea makazi humo humo, akawa analala uwanjani. Ujenzi ulikula takriban dola milioni 35 za wakati ule.

Mitambo yake ya kupoza ilikuwa ya tani 6,600. Tani kwetu sisi mafundi si uzito, ni nguvu ya kupoza. Nyumba yako ya vyumba viwili inahitaji kama tani mbili na nusu. Sasa piga hesabu mwenyewe.

Na bado waliteleza. Paa liliwekwa vioo vya plastiki zaidi ya 4,500 ili jua lipite na nyasi halisi ziote. Nyasi zikaota. Lakini mchezaji akitazama juu kuudaka mpira, jua lile lilimpofusha, mpira ukawa unaanguka kama embe bivu na yeye kakinga mikono upande mwingine. Wakapaka vioo rangi. Jua likapungua, nyasi zikafa. Wakapaka nyasi zilizokufa rangi ya kijani! Nawaambieni, serikali za wenzetu nazo zina vituko. Mwaka uliofuata, 1966, wakatandika zulia la plastiki lililotengenezwa na kampuni ya kemikali ya Monsanto, likaitwa AstroTurf. Yale majani ya bandia mnayoyaona leo kwenye viwanja vya dunia nzima, hata kwetu, umaarufu wake ulianzia pale, kwa kosa la rangi ya paa.

Sasa nataka niwaeleze jambo moja la zamani ambalo ndilo hasa lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Uwanja ule ulijengwa kwa fedha za mkopo, na mkopo huo ulihitaji kura ya wananchi. Huo ulikuwa mwanzo wa miaka ya 1960. Houston ilikuwa mji wa ubaguzi wa rangi: hoteli zimetengwa, migahawa imetengwa, hata mabomba ya maji ya kunywa yametengwa. Kura za watu weusi zilihitajika. Alikuwepo kiongozi wao mmoja, Quentin Mease, mtu wa YMCA, kile chama cha Kikristo cha vijana, mpole wa sauti. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliuliza: uwanja huo ukiisha, sisi tutakaa wapi? Akataka ahadi kwamba utafunguliwa bila kubagua, si kwa watazamaji wala kwa wachezaji. Ahadi ikatolewa, kura zikapigwa, na uwanja ukafunguliwa hivyo, kila mtu na tiketi yake.

Walijadiliana kabla ya kutoa kura, si baada. Mkitoka hapa mmesahau yote, hili msilisahau.

Kilichofuata mnaweza kukisoma popote, nitakipitia haraka. Januari 1968 timu za mpira wa kikapu za vyuo vikuu, Houston na UCLA, zilichezea humo mbele ya watu 52,693, na Elvin Hayes akaifungia Houston. Mwaka 1973 Billie Jean King alimpiga Bobby Riggs katika tenisi, mwanamke na mwanamume, na dunia ikatazama kwenye televisheni. Selena aliimba pale Februari 1995, na mwezi mmoja baadaye akauawa. Majirani zangu Wamexiko bado wanalia wakimtaja.

Lakini ndondi siwezi kuipita haraka, kwa sababu ya ndugu zetu wa Kongo mliomo humu. Muhammad Ali alipigana ndani ya kuba lile Novemba 1966 na Cleveland Williams. Akarudi Februari 1967 kupigana na Ernie Terrell, aliyekuwa akikataa kumwita jina lake jipya na kung'ang'ania lile la Clay. Raundi kumi na tano Ali anampiga huku anamuuliza: jina langu nani? Na Aprili mwaka ule ule, humu humu mjini Houston, akakataa kuandikishwa jeshini kwenda Vietnam, wakamnyang'anya mkanda. Ilimchukua miaka saba kuurudisha, na aliurudishia wapi? Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, kwa kumwangusha George Foreman, na Foreman alikulia hapa hapa Houston, mtaa wa Fifth Ward. Njia ya Ali ilianzia kwenye uwanja wa Houston ikaishia kwenye uwanja wa Kinshasa, ule unaoitwa leo Tata Raphaël. Ni mkongwe kuliko Astrodome, una nyufa, una shida zake zote, na mpira unachezwa. Mzee mmoja wa Kinshasa aliniambia: kwetu hatuna fedha za kuujenga upya wala za kuubomoa, basi tunautumia. Alikuwa anatania. Mimi nimeona ndani ya utani ule mna busara kuliko ripoti nyingi za washauri.

Na sisi wa Dar es Salaam tunajua hali ya viwanja viwili kukaa ua kwa ua. Uwanja mkubwa ulipokamilika pale Temeke 2007, wa zamani haukuvunjwa. Ulibadilishwa jina tu ukawa Uwanja wa Uhuru, kwa sababu ni pale bendera ilipopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Umekarabatiwa kidogo kidogo, umeapishia rais, umeagia maiti za viongozi. Hakuna aliyeona ajabu.

Turudi Houston. Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipiga, kingo za New Orleans zikapasuka, mji ukazama. Usiku wa siku mbili baadaye mabasi yakaanza kuingia Houston. La kwanza halikuwa la serikali. Lilikuwa basi la shule la njano ambalo kijana mmoja alijichukulia, akapakia majirani aliowakuta njiani, akaendesha mpaka mlango wa Astrodome. Kwa siku chache, pale na kwenye majengo ya jirani, walikuwepo watu wapatao 25,000. Vitanda vya turubai vilipangwa sakafuni pale pale Ali alipopigania. Kliniki, shule ya watoto, mbao za kutafuta ndugu waliopotea. Posta iliwapa msimbo wao wenyewe, kama mji.

Sasa naomba mnyooshe mkono. Nani humu amepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu? Haya. Kakuma? Dadaab? Mtabila? Asanteni, shusheni. Zaidi ya nusu ya ukumbi. Ninyi hamhitaji fundi wa viyoyozi awaeleze maana ya paa kwa mtu aliyefika usiku na mtoto mgongoni. Mnajua kwamba siku ya kwanza mtu haulizi kama jengo ni zuri. Anauliza kama halivuji, na choo kiko wapi.

Kuba lile wakati huo lilikuwa na miaka 40, timu za mpira zilishahama, watu walishaanza kuliita takataka. Na ndilo lililofaa. Miaka minne baadaye likafungwa kwa sababu halikidhi kanuni za zimamoto na usalama. Sisemi kanuni ni mbaya. Nasema halikutengenezwa.

Wengine wanasema, basi ni bora lianguke, tumalize. Tuwasikilize, maana hawana wazimu. Hoja yao kubwa ni fedha, na hoja yao ya pili ni kwamba kila anayeleta mpango analeta mpango wa kitajiri. Novemba 2013 kaunti iliomba kukopa dola milioni 217 ilifanye ukumbi wa maonyesho. Wananchi asilimia 53 wakakataa. Mwezi uliofuata wakaanza kuvunja minara ya njia za watembea kwa miguu iliyokuwa nje. Viti viliuzwa viwiliviwili kwa dola 200, na vipande vya yale majani ya plastiki vikauzwa pia. Nina rafiki ana kiti cha Astrodome sebuleni na hakikaliki. Mwaka 2018 wakapitisha mpango wa dola milioni 105: kuinua sakafu na kuweka maegesho ya magari 1,400 chini yake. Uongozi ukabadilika, mpango ukawekwa kabatini. Mwaka 2024 wapenzi wa jengo, shirika linaloitwa Astrodome Conservancy, wakaleta michoro mizuri ya maduka, migahawa na kumbi, thamani yake ikikaribia dola bilioni moja. Na upande wa pili, wapangaji wakubwa wa eneo lile, timu ya Texans ya mpira wa Kimarekani na maonyesho ya mifugo na rodeo, walishapendekeza 2014 libomolewe iwekwe bustani, kwa dola milioni 66.

Mmesikia? Hata nyasi ni dola milioni 66. Sehemu ya jengo iko chini ya ardhi, ukiliondoa unabaki na shimo, na shimo hujazwa kwa lori za udongo, na udongo hauji bure.

Kubomoa nako si kumaliza. Seattle walikuwa na kuba lao, Kingdome, lililofunguliwa 1976. Wakalilipua Machi 2000, sekunde chache tu, vumbi likafunika mji, watu wakapiga makofi juu ya mapaa. Deni lake wakaendelea kulilipa mpaka 2015. Miaka kumi na mitano mtu analipia jengo ambalo mtoto wake hajui lilisimama wapi. Na kule Michigan, lile Silverdome, lililojengwa kwa zaidi ya dola milioni 55, liliuzwa kwa mnada kwa dola 583,000. Mwaka 2017 wakalitegea baruti, watu wakakusanyika na kahawa zao, ikahesabiwa tatu, mbili, moja, ikalia mshindo, moshi ukatanda, ukaondoka, na jengo limesimama vile vile linawatazama. Waliliangusha kesho yake. Hiyo naieleza kwa sababu inanifurahisha tu.

Kuhusu kulipatia jengo kazi nyingine, hatuhitaji kwenda mbali. Wangapi mmeshapita barabara ya Southwest Freeway mkaliona kanisa la Lakewood? Lile lilikuwa uwanja wa mpira wa kikapu. Liliitwa The Summit, lilifunguliwa 1975. Hakeem Olajuwon, mtoto wa Lagos, aliipatia Rockets ubingwa 1994 na 1995 akichezea ndani ya kanisa lile. Timu ilipohama, mji haukuliacha likae miaka kumi na tano likisubiri wazo kamilifu. Ulilikodisha. Kanisa likatumia takriban dola milioni 95 kulitengeneza, likaanza ibada Julai 2005, na 2010 likalinunua moja kwa moja kwa dola milioni 7.5. Mtu anaweza kusema bei ile ilikuwa ya kutupa, na mimi nasema hivyo pia. Lakini taa zinawaka. Toronto nako, uwanja wa Maple Leaf Gardens umegeuzwa duka la vyakula, wanafunzi wa chuo wanacheza ghorofani, na sakafuni katikati ya rafu kuna alama nyekundu pale mpira wa magongo wa barafuni ulipokuwa ukianzia. Unanunua chumvi juu ya historia.

Mbona basi Astrodome limekwama? Maoni yangu, na ni yangu peke yangu, ni kwamba limekwama kwa sababu ni kubwa na kila anayelijia anataka kulijaza. Kama chungu cha harusi: mtu akikiona anadhani lazima apike pilau la watu mia tano, akikosa mchele wa kutosha anakirudisha stoo, na familia inalala njaa na chungu ndani.

Hapa niruhusuni niongee ufundi kidogo. Hewa baridi ni nzito, inakaa chini. Watu nao wanakaa chini, hakuna anayeishi kwenye mita ya 50 hewani. Zamani walipoza uwanja pamoja na viti vya juu kabisa kwa sababu watu walikaa mpaka huko. Ukitumia sakafu peke yake, huna haja ya kupoza kuba lote. Unaingiza hewa kavu, ya ubaridi wa wastani, kwa chini na taratibu, inatandaa kama maji, na joto linapanda juu lenyewe likatolewe. Unyevu ndio adui wa kwanza, kabla ya joto. Jengo la Houston likifungwa bila hewa kuzunguka linaota kuvu, kuvu inakula ubao, ubao unakula bajeti. Nimesema mbele ya mhandisi mmoja wa hapa mjini nikitegemea atanicheka, hakunicheka. Alisema hesabu zinahitajika, na ni kweli zinahitajika.

Kwa hiyo sisi tukienda mbele ya makamishna, wale wanaoamua mambo ya kaunti, mimi sitaki tuende kupiga kelele "okoeni" wala "bomoeni". Kusema kweli, kubomoa kwenyewe si rahisi kisheria. Jengo limo kwenye orodha ya taifa ya mahali pa historia tangu 2014, na tangu 2017 linalindwa na jimbo, halivunjwi bila kibali cha tume ya historia ya Texas. Kwa hiyo wanaosema kesho linaanguka wanatudanganya, na wanaosema kesho linafunguliwa wanatudanganya pia. Linakaa. Katika kukaa huko linalindwa, linakaguliwa, linalipiwa.

Mimi naomba twende na masharti, kama Mease. Kabla kaunti haijakubali mpango wowote wa tajiri yeyote, iandikwe kwenye mkataba: sakafu ile ni kimbilio la watu wakati wa kimbunga, wakati wa joto la kukatika umeme, na wakati wa baridi kama ile ya Februari 2021. Iwe na jenereta zake. Iwe na vyoo na mabafu ya watu wengi, hicho ndicho kitu cha kwanza kilichopungua kila kambi niliyowahi kusimuliwa. Mnakumbuka kimbunga Beryl, Julai 2024. Wateja zaidi ya milioni 2 bila umeme. Mtaa wetu tulikaa siku sita. Mimi fundi wa viyoyozi niliketi ndani ya gari na mke wangu na mama mkwe, injini inanguruma, ili mama apate hewa. Mzee wa nyumba ya pili alibebwa na gari la wagonjwa. Siku ile ile, vituo vichache tu vya treni kutoka hapa, kulikuwa na paa la umma la upana wa mita 196, giza tupu, kufuli mlangoni.

La pili, siku ambazo hakuna janga, umma uingie. Si kwa tiketi ya dola mia. Mahali pa kutembea wazee asubuhi kabla jua halijawaka, watoto wachezee mpira Agosti, harusi zetu, sala ya Idi, gwaride la mahafali. Kivuli tu. Mji huu una kila kitu isipokuwa kivuli cha bure.

La tatu, wafanye kwa awamu. Awamu ya kwanza milango, taa, zimamoto na hewa. Wakifika hapo, wafungue. Maduka na vioo vya dhahabu vitakuja vikija. New Orleans hawakulitupa kuba lao, Superdome, pamoja na yote yaliyotokea mle wakati wa Katrina, walilitengeneza likafunguliwa Septemba 2006, mwaka mmoja na wiki chache. Walikuwa na sababu ya kuharakisha, timu ilikuwa inasubiri. Sisi sababu yetu ni kwamba msimu wa vimbunga unarudi kila Juni.

Mama mmoja aliniuliza jana kwa simu: shule ya wajukuu wangu inavuja, wewe unaniletea kuba? Nilimheshimu kwa swali lile. Nilimwambia kwanza kwamba mfuko wa shule ni mwingine, wilaya za shule hapa zina kodi yao na bodi yao, na kamishna wa kaunti hawezi kuziba paa la shule hata akitaka. Hakuridhika. Akasema, basi mafuriko? Hapo alinipata. Mifereji ni mfuko wa kaunti, na wapigakura walishakubali kukopa dola bilioni 2.5 kwa ajili hiyo mwaka 2018 baada ya kimbunga Harvey. Kama makamishna wataniambia wazi, kwa tarakimu, kwamba kila dola ya kuba inatoka kwenye mfereji wa mtaa wa mtu, mimi nitaketi kimya. Mifereji kwanza. Ila nataka nizione hizo tarakimu, na nataka waweke pembeni yake gharama ya kuliacha vile vile miaka mingine kumi.

Najua pia wapo humu wasiojali historia ya baseball, na hawana sababu ya kuijali. Mimi mwenyewe nimekaa nchi hii miaka mingi na sijaelewa bado kwa nini mtu anasimama pale na gongo nusu saa. Siwaombi mlipende jengo.

Basi, ratiba. Kikao cha makamishna kina muda wa wananchi kusema, dakika chache tu kwa mtu, na hakuna anayeulizwa kama ni raia. Mwenye uraia akumbushe kwamba anapiga kura, asiye na uraia aseme analipa kodi, zote mbili. Msisome hotuba yangu, watachoka. Kila mmoja aseme lake: alikuwa wapi wakati wa Beryl, alikuwa wapi wakati wa Harvey, alilala wapi. Mama Nyarugusu, wewe useme kuhusu vyoo, usione haya. Tunahitaji wakalimani wawili, mmoja wa Kiswahili cha Bukavu asije akawatafsiria wenzetu vibaya kama tulivyofanya mwaka jana. Daftari liko mlangoni kwa dada mwenye kitenge cha bluu. Andikeni jina, simu, na kama una nafasi kwenye gari, una viti vingapi.